Chiku Aliyetia Mawe Meno

Sabiti alisimama mbele ya watu akasema jiwe jeupe halipasuki kwa moto. Alisema hivyo bila mdomo kumtetemeka, na wanaume wazima wenye akili zao wakaitikia. Kwa neno hilo moja dada yangu akaitwa mwizi na muuaji miaka mitano. Wajukuu zangu wananiambia, bibi, hayo yameshapita, mtu mwenyewe kashaoza. Kama kaoza vizuri. Mimi bado nikimtaja natafuta pa kutema mate.

Nataka nimseme dada yangu Chiku alivyokuwa, maana waliobaki wanamkumbuka kwa jicho tu. Utasikia, yule Chiku chongo. Chiku hakuzaliwa chongo. Alizaliwa na macho mawili makubwa, na alikuwa anayatumia kuliko watu wengi niliowahi kuwaona.

Baba yetu alikuwa mtu wa kuja, Mwislamu, mpagazi wa zamani aliyetokea Tabora, ndiyo maana mimi naitwa Mwahija na dada akaitwa Chiku. Mama alikuwa Msukuma wa Didia, na kazi ya mama ilikuwa kutia mawe meno. Wasichana wa sasa wanapeleka nafaka mashineni, hawajui nasema nini. Jiwe la kusagia ukilitumia mwezi mzima linalainika. Mtama unateleza juu yake, unga unatoka chenga, unasaga kutwa mpaka kiuno kinakataa kunyooka. Hapo linatakiwa ligongwegongwe upya, vishimo vidogovidogo jiwe zima, lipate kuuma. Hayo ndiyo meno. Na huwezi kuyatia kwa jiwe lolote. Lazima upate jiwe jeupe, lile linaloonekana kama mafuta ya kondoo yaliyoganda, la kuenea kwenye kiganja.

Mama alikuwa na kipande cha chupa amekifunga kwenye upindo wa kaniki yake. Akiokota jiwe jeupe njiani analikwaruza kwenye ile chupa. Likiacha mstari analiweka. Lisipoacha anasema hili ni chokaa limejipaka uzuri, analitupa. Kisu hakikuweza kuandika kitu juu ya jiwe lenyewe. Na halina upande wa kupasukia kama kuni. Linavunjika linavyotaka, na kipande chake kinakata kuliko wembe. Mimi nina alama hapa kwenye kidole tangu sijaota matiti. Wanaume walikuja kumwomba mama vipande vya kufunga kwenye magobori yao, maana jiwe hilo likigongwa na chuma linatema cheche. Mchana sisi watoto tulikuwa tunafunga mlango, giza linaingia ndani, Chiku anasugua mawili kwa nguvu, na mawe yanawaka kwa ndani, mwanga mdogo mwekundu, halafu inatoka harufu kama pembe ya ng'ombe iliyoungua.

Na kitu kimoja mama alitufundisha kwa makofi. Jiwe jeupe haliwi figa. Usilifanye figa, usilisogeze jikoni, hata la kuzibia upepo. Kila mama mkwe wa upande ule, bibi harusi akiingia, kabla hajamwonyesha choo anamwonyesha mafiga, anamwambia, mwanangu, meusi hayahaya, ukiniletea jeupe utatutoa macho. Kila mwanamke alijua. Wanaume hawakujua, kwa sababu mwanamume wa kwetu akikutwa anachochea moto wa chungu ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Hilo mlishike, kwa sababu ndilo lililomponza dada yangu.

Chiku akaolewa na Nassibu, mtu mrefu, mzuri wa sura, mwepesi wa kukubali anachoambiwa na aliyemzidi. Mwaka wa pili wa nzige hatukuvuna hata punje. Nassibu akasema kuna dhahabu Nyarugusu, huko watu wanakula. Tukaenda watatu kwa miguu, michembe, viazi vyetu vya kukausha, ikatuishia njiani. Mimi nilikuwa sijaolewa.

Tulikuta mlima mdogo, na juu ya mlima jiwe jeupe limetoka mstari mmoja, kama uti wa mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Mwenye kazi alikuwa Mzungu, tukimwita Bwana Kofia. Sina ubaya naye. Alikuwa mwendawazimu wa mawe tu. Siku ya kwanza aliliona jiwe la Chiku la kutilia meno, akaliomba, akalilamba, na dada akalamba lake, wakaelewana. Ndiye aliyetuambia jiwe jeupe lilianzaje. Alisema zamani sana kulikuwa na maji ya moto chini huko, moto usioweza kuufikiria, na jiwe limeyeyuka ndani yake kama chumvi kwenye mchuzi. Yale maji yakapanda kwenye nyufa za mwamba mweusi. Yakipoa yanaacha jiwe jeupe kwenye ufa, utando juu ya utando, mpaka ufa unajaa, na dhahabu ikaingia na maji hayohayo. Mimi niliona ni hadithi. Chiku hakubisha. Alikwenda akaleta jiwe lenye shimo, ndani ya shimo kuna meno ya jiwe yaliyochongoka yanatazamana, akasema basi hapa maji yaliisha kabla ufa haujajaa. Halafu akaleta dogo, linaonyesha kama kioo, ukiliinamisha unaona kipovu kinatembea ndani. Bwana Kofia alikaa chini kabisa. Akasema ndiyo hayo maji. Yamefungiwa humo tangu siku ile.

Chiku akasema, "Kumbe ndiyo yanayotaka kutoka ukilitia motoni."

Bwana Kofia akamwambia ndivyo. Akamwambia na vioo vinatengenezwa kwa mchanga wa jiwe hilo ukiyeyushwa. Dada akacheka, akasema basi mama yetu alikuwa analikwaruza jiwe kwenye mwanawe.

Sasa nyapara. Sabiti alikuwa mtu wa mjini, kanzu safi, anajua kusoma, anavaa viatu hata juu ya mlima. Mkononi kiboko. Alipiga watu kama mtu anavyofukuza nzi, huku anazungumza mambo mengine. Wanaume walikuwa wanang'oa jiwe kwa mtarimbo, sisi wanawake tunaponda na kusaga unga wake, na Chiku anatia mawe meno, maana ukisaga jiwe kwa jiwe meno hayakai siku tatu. Baruti ikaisha. Bwana Kofia akaenda Mwanza kuitafuta, akamwachia Sabiti kambi, akamkataza wanawake wasipelekwe kule kwenye mwamba.

Sabiti alitaka bwana akirudi akute rundo. Akamwita Chiku, akamuuliza kwa upole, mama, wewe unajua mawe, tutalivunjaje hili bila baruti? Na dada akamweleza. Nimelaumu kinywa chake mara nyingi, lakini alikuwa hawezi kuulizwa habari ya jiwe akanyamaza. Akamwambia washa moto juu ya mwamba tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Chonga mti uwe mfereji. Maji yapite humo kutoka nyuma ya tuta la udongo, na watu wote walale kifudifudi. Likipata maji na joto lile litalipuka lenyewe. Asiwepo mtu karibu.

Walifanya mara mbili na jiwe likavunjika vizuri, vipande vilipita juu ya tuta vikilia kama nyuki. Sabiti aliona kwa macho yake. Nasema tena, aliona.

Mara ya tatu mfereji ulikuwa umeungua, na ikaja habari kwamba Bwana Kofia anafika kesho. Mwamba ulikuwa umewaka tangu alfajiri. Sabiti akasema hakuna wakati wa kuchonga mti mwingine, wanawake wachukue vibuyu wamwage kwa mikono. Chiku akakataa. Akamwambia, bwana nyapara, hapo hapamwagwi na mtu. Akamwambia mara ya pili. Mara ya tatu hakumaliza, kiboko kilikuwa kimeshamkata mdomo. Akampiga mgongoni mpaka kaniki ikafunguka, akaanguka, akampiga amelala, kwenye mapaja, kwenye nyayo, na Nassibu mumewe amesimama na mtarimbo wake hatua kumi kutoka pale, anautazama mtarimbo.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, Mbuke, kisichana cha pale karibu, kinacheka hovyo kila kitu. Siku ile hakikucheka. Sabiti akamwacha Chiku, akamkamata Mbuke shingoni kwa nyuma, akamtia kibuyu mikononi, akamsukuma kama unavyosukuma mbuzi kwenye kizimba. Mbuke alikuwa anamlilia mama yake, mayu, mayu, huku anakwenda. Chiku akainuka kwa magoti na mikono akamkimbilia amvute. Mimi nilikuwa napanda na maji, niko chini kidogo ya tuta. Niliona mkono wa Mbuke unainama, kibuyu kinainama.

Sikusikia mlio, wanasema ulisikika mpaka mtoni. Niliona mvuke, halafu Mbuke yuko chini, na kipande cha jiwe, chembamba kama jani la muwa, kimeingia kooni kwake upande huu kikatokea huku. Miguu yake ilicheza kidogo. Damu ilikuwa inaanguka kwenye jiwe la moto na inachemka, ilikuwa na harufu, na mimi nyama ya kuchoma sikula tena mpaka leo. Chiku alikuwa amekaa. Alikuwa ameshika uso kwa mikono miwili, na kati ya vidole linateremka jicho lake la kulia. Sabiti alikuwa nyuma ya tuta. Alishajilaza kifudifudi kabla maji hayajamwagika. Ana udongo kwenye kanzu mbele nzima. Udongo ule niliuona mimi.

Bwana Kofia angemwumbua palepale, lakini hiyo kesho hakufika, homa ilimlaza Mwanza, na kutoka Mwanza alipelekwa kwao, hakuonekana tena. Shauri likapelekwa kwa mwanangwa, mkubwa wa kijiji. Sabiti akavaa kanzu nyingine. Akasema wale wanawake wawili waliiba baruti kidogo kabla haijaisha, wakaichomeka kwenye mwamba wapate kuiba dhahabu wakati bwana hayupo. Wakamuuliza, na ule moto? Ndipo aliposema lile neno. Akasema jiwe jeupe halipasuki kwa moto, jiwe ni jiwe, mmeona wapi jiwe likipasuka kwa moto? Wanaume wakatazamana. Hawajawahi kuinjika chungu hata mmoja wao. Wakaitikia.

Nilisimama nikasema nimeona. Nikaambiwa kaa, wewe ni ndugu yake, na wanaume wa kambini waliokuwepo hakuna aliyethubutu kuinuka mbele ya nyapara wao. Wakamwita Nassibu. Nassibu akaapa ameiona baruti chini ya kitanda cha mkewe. Wiki ile ile akapewa unyapara mdogo.

Chiku alikuwa amelala kwangu uso umefungwa majani, anatetemeka homa, wakaja kumwambia damu ya Mbuke ni yake. Na baada ya siku nne akaja Ngassa, kaka yake Mbuke, na ndugu zake watatu. Walichoma nyumba kwanza. Dada alipotoka Ngassa akampiga rungu, akazuia kwa mkono wa kushoto, mkono ukavunjika juu ya kiwiko, nilisikia kama muhogo mkavu. Angempiga la kichwa. Nilimlalia juu, rungu likanipata begani. Ngassa alikuwa analia wakati anapiga. Watu wananiambia alikuwa na uchungu. Na sisi tulikuwa na nini?

Tukahamia ng'ambo ya mto kwenye kibanda cha watu waliokufa. Mkono uliunga umepinda. Mwaka mmoja Chiku hakushika kazi. Halafu wanawake wakaanza kuja na mawe yao wanapitia vichakani, maana hakuna aliyeweza kutia meno kama yeye hata kwa jicho moja na mkono mbovu. Alikuwa analibana jiwe kwa magoti, anainama mpaka pua inagusa, anagonga tik tik tik, anapuliza vumbi, anapapasa kwa ulimi. Walimletea mtama, walimletea chumvi, walimwambia pole mayu, tunajua. Wote walijua. Kila mmoja wao alishafundishwa habari ya figa jeupe. Nikiwauliza kwa nini hamuwaambii waume zenu, wanasema mume haambiwi mambo hayo, atasema umetumwa. Halafu wanabeba mawe yao yenye meno mapya wanakwenda zao. Nao siwasamehe. Waliobaki wananijua.

Mwaka wa nne akaja Nassibu. Alikuwa amefanya kazi ya kusimamia watu wanaotwanga jiwe kavu kwenye banda, na vumbi la jiwe lile ni jiwe lilelile, linakwenda kifuani linakata humo. Alikuwa mifupa. Anakohoa anashika ukuta. Mimi nilifunga mlango, Chiku akafungua. Akamlaza upande wa ukutani, akampa uji, na kila asubuhi kabla ya uji anamuuliza kitu kimoja, ile baruti uliiona? Nassibu anageuka ukutani. Siku ya tisa akasema hapakuwa na baruti. Alisema akiwa na sisi wawili tu, wanawake ambao maneno yetu yalishakataliwa. Kesho yake akafa. Nilimwosha maji kidogo.

Basi. Mwaka uliofuata Sabiti akarudi. Alikuwa ameondoka kambini, amenenepa, anataka ardhi akae pale kama mwenyeji. Na kulikuwa na desturi upande ule, mtu wa kuja akiomba kukaa anasimamishwa mbele ya wote, mwanangwa anauliza nani ana neno na huyu. Wanaume wanakaa mbele, wanawake na watoto nyuma. Ikaulizwa. Nikamwona Chiku anainuka. Hakuniambia kama atainuka. Nilimshika kaniki akanipiga mkono.

Akapita katikati ya wanaume. Akampa mwanangwa shikamoo, akasema, "Baba, huyu alisema hapahapa jiwe jeupe halipasuki kwa moto. Naomba atuonyeshe."

Mwanangwa akasema shauri hilo lilikwisha. Chiku akasema halikwisha, mimi ndiye niliyekwisha. Akaeleza anachotaka, taratibu, kama anamweleza mtu bei ya mtama. Moto uwashwe. Ngassa mwenyewe, ambaye dada yake alikufa, aende mlimani akachague jiwe jeupe analotaka, asije kusema mtu kuna uchawi wa Chiku. Jiwe liwekwe motoni mpaka jua la utosi. Halafu Sabiti achukue kibuyu akae pale alipokuwa Mbuke, amwage maji. Likinyamaza, Ngassa amalize kwangu kazi ya rungu lake. "Na mimi nitakaa naye," akasema, "na hili moja lililobaki."

Jicho lile moja ndilo kazi yake, ndilo chakula chetu, ndilo lililobaki la Chiku. Na jiwe lile, nimesema, halina upande. Linakwenda linakotaka. Hakuna ujuzi wa mama utakaokwambia likipasuka litampata nani. Alilijua hilo kuliko mimi.

Sabiti akacheka. Akatazama huku na huku atafute mtu wa kusema upuuzi huu uishe. Mwanangwa akaamuru moto uwashwe, na Ngassa alishaondoka kwenda mlimani. Alirudi na jiwe kubwa kama kichwa cha ndama, jeupe, halina doa. Moto wa kuni za mkambala ulikuwa unanguruma. Akalisukumia katikati kwa mti.

Hapo kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Wanawake walikuwa nyuma, zaidi ya sitini. Jiwe lilipoingia motoni waliinuka wote. Wakashika watoto, wakabeba wachanga, wakarudi nyuma, hatua kumi, ishirini, mpaka nyuma ya zizi, wakachutama wamefunika vichwa vya watoto kwa kaniki. Wanaume waligeuka wakakuta nyuma yao uwanja mtupu.

Mwanangwa akamwita mkewe mkubwa. Akamuuliza mnakwenda wapi?

Yule mama akajibu kutoka nyuma ya zizi, hakusogea. "Baba, hilo si jiwe jeupe?"

Mwanangwa akageuka akalitazama jiwe. Niliona anahesabu ndani ya kichwa chake miaka yote aliyokula ugali wa mama yule bila kuuliza mafiga yake ni ya jiwe gani. Wanaume wakaanza kusogea, mmoja na kigoda chake, mwingine anajifanya kutafuta kivuli. Wakabaki wawili kwenye moto, na mimi hatua chache nyuma ya dada. Chiku amekaa chini miguu ameikunja, uso ameuelekeza kwenye jiwe, haufuniki. Sabiti amechutama na kibuyu. Jiwe likaanza kulia. Tik. Halafu kimya. Tik, tik. Sauti ileile ya dada akitia meno.

Jua likafika utosini. Chiku akasema, "Mwaga."

Sabiti jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu. Kanzu imemshika. Chiku akasema tena, mwaga, bwana nyapara, jiwe ni jiwe. Mkono wa Sabiti ukainuka na kibuyu, ukashuka. Akakiweka chini.

"Litaruka," akasema.

Mwanangwa akamwambia sema wasikie wote. Akasema litaruka. Akaulizwa ulijua siku ile? Akasema nilijua. Nani alimpeleka Mbuke? Akasema, mimi nilimsukuma. Baruti? Haikuwepo. Yote aliyasema kwa sauti ndogo, amechutama vilevile, kibuyu kiko miguuni pake.

Chiku akasimama, akajikung'uta kaniki, akamgeuzia mgongo, akatembea kuja nyuma ya zizi walipo wanawake. Hakutazama mtu. Ngassa akapiga ukelele, akaruka na rungu, na wanaume kumi wakamrukia wakamshika, wakawa wanavutana vumbi linatimka, na katikati ya vurugu namsikia mwanangwa anapaza sauti, anasema habari za ng'ombe wa fidia kwa ukoo wa Mbuke. Ng'ombe. Sabiti atatoa ng'ombe, halafu atapata shamba lake, atazeeka hapo amevaa kanzu. Na jicho la dada yangu hata halikutajwa.

Kila mtu alikuwa anamtazama Ngassa. Mimi nilikuwa bado karibu na moto, pale niliposimama tangu mwanzo nimvute dada kama litalia kwa nguvu. Kibuyu kilikuwa chini hapo, kimejaa. Sabiti alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa kanzu, anavuta pumzi kama mtu aliyepona. Akafungua macho akaniona. Nadhani hakunijua ni nani.

Nikamwaga.

Nilipopata akili nilikuwa nimelala chali na mvuke umefunika kila kitu, na vipande vinaanguka kwenye paa la zizi kama mvua ya mawe. Sabiti alikuwa amekaa palepale. Hakuwa na macho. Yote mawili, na daraja la pua limeondoka, na mdomo unafunguka na kufunga hautoi sauti. Sauti ilikuja baadaye. Watu walisema jiwe liliruka lenyewe, limechoka kungoja. Mwanangwa alitangaza hivyohivyo, jiwe limetoa ushahidi, shauri limekwisha. Aliishi miaka mingi Sabiti, anaongozwa kwa fimbo, na shamba hakupewa. Nilikuwa nikimkuta njiani namwamkia, mwangaluka, ananiitikia kwa adabu.

Mimi mkono mzima wa kulia ulikuwa umechomwa vipande, na shavu. Chiku alinikalisha nyuma ya zizi, akachukua mwiba wa mkambala, akainama mpaka pua yake ikagusa ngozi yangu, kama alivyokuwa anainamia mawe, akaanza kuvitoa kimoja kimoja, anavipanga juu ya jani. Wanawake walisimama wanatutazama, wengine wanalia, wengine wanamwita mayu Chiku kwa sauti mara ya kwanza tangu miaka mitano. Yeye aliendelea na mwiba wake. Alitoa vipande kumi na vinne. Nilingoja aniulize. Hakuniuliza.

Alipotoa cha mwisho akakiinua juani, akakigeuza, akakitazama kwa jicho lake.

"Mwahija," akasema, "ulisimama karibu mno."